Kazi ya Nahodha Inaanza kwenye Nyasi

Majuma matatu kabla ya mechi, mtu wa maana kuliko wote klabuni si bingwa wala mwenyekiti. Ni yule jamaa anayekaa juu ya mashine ya kukata nyasi. Kama wewe ni nahodha wa timu ya gofu na hujawahi kukaa naye ukanywa chai, basi kazi bado hujaianza.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nasi tukadhani wanaomtunza ni watazamaji. Katika gofu ya timu watazamaji ni kachumbari. Ugali uko kwingine. Itazame Ryder Cup, iliyoanza 1927 kati ya Marekani na Uingereza, kisha kuanzia 1979 Ulaya bara ikaungana na Waingereza. Kutoka 2014 hadi 2023 mwenyeji alishinda mara tano mfululizo, na hata mara moja tofauti haikupungua pointi 5. Wamarekani hawajashinda kwenye ardhi ya Ulaya tangu 1993. Utasema ni kelele za mashabiki. Lakini Septemba 2021, korona ilipowazuia mashabiki wa Ulaya kuvuka bahari, timu mbili za Ulaya zilikwenda Marekani mwezi huohuo kucheza mbele ya umati wa upande mmoja. Wanawake walishinda Solheim Cup 15-13 pale Toledo, Ohio. Wanaume walikwenda Whistling Straits majuma matatu baadaye, wakachapwa 19-9. Kelele zilikuwa zilezile.

Nitakayoyasema ni ya nahodha wa klabu ya kawaida, mwenye watu wanane, basi la kukodi na bajeti ya chakula cha mchana. Mifano mingi naitoa Ryder Cup kwa sababu kule makosa hufanyika mbele ya dunia nzima, na sisi tunajifunza bure.

Tuanze ukiwa mwenyeji. Nahodha wa nyumbani katika Ryder Cup ana sauti katika upana wa njia ya katikati na urefu wa nyasi za pembeni, na ndiye anayeamua siku ianze na mchezo gani. Mwaka 2018, Le Golf National karibu na Paris, Ulaya iliwapokea Wamarekani wenye nguvu nyingi za kupiga mbali. Njia zilibanwa, nyasi za pembeni zikaachwa zirefuke. Asubuhi ya kwanza Marekani iliongoza 3-1. Mchana, katika mchezo wa mpira mmoja ambao wawili huupiga kwa zamu, Ulaya ilichukua mechi zote nne, na mwisho wa siku tatu ubao ulisoma 17.5-10.5. Anayepiga mbali bila kunyooka alikuwa kila mara anatafuta mpira kwenye majani kama mtu aliyedondosha pete.

Sasa tazama upande wa pili. Bethpage, New York, 2025, wenyeji walizipunguza nyasi za pembeni ili wapigaji wao wa mbali wasiadhibiwe. Wachezaji wa Ulaya nao wakapita humohumo kwa raha zao, na baada ya siku mbili walikuwa mbele 11.5-4.5. Wamarekani walirudi kwa kishindo siku ya mwisho, wakashindwa 15-13 tu, na nahodha wao Keegan Bradley akakiri kwamba alikosea kukiandaa kiwanja. Ndiyo maana nakuambia: usimwendee yule jamaa wa mashine na ombi la "fanya kigumu" au "fanya rahisi". Chukua kadi za wageni za mashindano mawili matatu yaliyopita, utazame mapigo yao yanapotelea wapi. Wanaopoteza wakiwa nje ya njia, waachie nyasi. Wanaonyooka lakini hawafiki mbali, peleka vianzio nyuma. Halafu jiulize swali ambalo wengi hulisahau: mabadiliko haya yanamsaidia nani zaidi, sisi au wao? Kama yanasaidia pande zote sawa, umejisumbua bure.

Na siku mbili za mwisho usiguse kitu, hasa grini. Niliwahi kuona klabu ikizipunguza nyasi za grini Alhamisi kwa ajili ya mechi ya Jumamosi. Wenyeji, waliokuwa wamefanya mazoezi mwezi mzima kwenye grini za polepole, wakawa wageni kwao. Mipira ilikuwa inapita shimo, inaendelea, inasalimia watu.

Ukiwa mgeni, kazi yako ni kupunguza ugeni, na ugeni wa kwanza uko hewani. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na hewa nyepesi haiuzuii mpira. Fimbo inayokupa mita 140 Nairobi itakuangusha kabla ya grini ukishuka Mombasa, tena kukiwa na kusi usoni utadhani mpira umefungwa kamba. Mtu wa pwani akipanda bara, kinyume chake: anavuka grini na kwenda kuwatafuta nyani. Suluhisho si kukariri hesabu. Fika siku moja kabla, nenda uwanja wa mazoezi na fimbo tatu tu, piga mipira kumi kwa kila moja, andika umbali kwenye karatasi, uweke mfukoni. Siku ya mechi amini karatasi, usiamini kumbukumbu za kwenu.

Ugeni wa pili ni nyasi zenyewe. Viwanja vingi vya nyanda za juu za Kenya vina kikuyu, nyasi iliyotoka hukohuko ikasambaa duniani. Pembeni ya grini inakamata fimbo kama mkono wa mtoto anayekataa usiende kazini. Mgeni hujaribu kupiga taratibu, mpira unasogea nusu hatua. Piga kwa uthabiti, fimbo ipite mpaka mwisho. Pwani grini zina mwelekeo wa majani ambao jicho la mgeni halioni haraka. Kedi wa pale anauona akiwa bado mita hamsini. Kwa hiyo msalimie kedi kwa jina, muulize kabla hujaamua, si baada ya kukosa. Ukimwita kwa mluzi shimo la kwanza, atakubebea mfuko mpaka la 18 na hekima yake atarudi nayo nyumbani.

Kuhusu kelele, nahodha wa Ulaya Luke Donald aliwapa wachezaji wake miwani ya uhalisia pepe kabla ya Bethpage, wasikie matusi mapema wakiwa wametulia. Sisi hatuhitaji miwani. Waombe vijana wa makedi wapige soga nyuma yako wakati wa mazoezi, na simu moja iite katikati ya pigo. Kwenye mechi za klabu zetu hakuna umati wa maelfu. Kuna mheshimiwa mmoja anayepokea simu kwa sauti kubwa.

Halafu saa. Siku ya mwisho ya Ryder Cup 2012 pale Medinah, Illinois, Rory McIlroy wa Ulaya aliamini anaanza saa 6:25 mchana kwa sababu alisoma saa za mashariki ya Marekani, kumbe kule ilikuwa saa 5:25. Aliletwa na gari la polisi, akafika zikiwa zimebaki kama dakika kumi, akashinda mechi yake. Usimtegemee polisi. Nasi tuna mtego wetu wenyewe: ukiandika kwenye kundi la WhatsApp "tunaanza saa 2:10", mmoja atasoma saa ya Kiswahili na mwingine saa ya Kizungu, na wote watakuwa na haki. Andika "saa 2:10 asubuhi", kisha mpigie kila mmoja usiku.

Sasa nifike kwenye kiini, maana hapa ndipo timu nyingi hufia. Umoja wa timu hauji kwa fulana za rangi moja wala hotuba ya usiku. Huja kwa karatasi ya wawili wawili: nani anacheza na nani, na amejua lini.

Mwaka nilipopewa unahodha kwa mara ya kwanza nilifanya kosa la Hal Sutton kabla sijamsikia Hal Sutton. Nilichukua wachezaji wetu wawili bora, nikawaunganisha, nikawatangazia ndani ya basi tukiwa tunateremka kwenda pwani. Mmoja alikuwa mtu wa kuongea tangu kianzio hadi shimo, mwingine hata "asante" huisema kwa kichwa. Kufika shimo la saba walikuwa wanatembea kila mtu na upande wake wa njia. Kufika la 13 mechi ilikuwa imekwisha.

Sutton, nahodha wa Marekani, alifanya hivyo kwa Tiger Woods na Phil Mickelson, Oakland Hills, Michigan, 2004. Asubuhi walicheza mpira bora, ambapo kila mtu ana mpira wake na alama nzuri ndiyo huhesabiwa. Wakafungwa na Colin Montgomerie na Pádraig Harrington wa Ulaya. Mchana wakacheza mpira mmoja, wanaupiga kwa zamu. Wakafungwa na Darren Clarke na Lee Westwood. Ulaya iliondoka na ushindi wa 18.5-9.5. Miaka 12 baadaye Mickelson alisema waliambiwa siku mbili tu kabla, na kwa kuwa mpira wa Woods ulikuwa unazunguka sana kuliko wake, ilimbidi aende peke yake kuufanyia mazoezi. Haikupendeza kumtaja nahodha wake hadharani, na mwenyewe alikuja kujuta, lakini jambo la mpira lilikuwa la kweli.

Kwa hiyo fanya hivi. Wiki mbili kabla, waite wawili wawili, sio wote pamoja. Waulize wanatumia mpira gani. Katika mchezo wa mpira mmoja, yule mwenye ustadi karibu na grini ndiye ashinde mjadala, kwa sababu mpira mgeni humsumbua zaidi anayegusa kwa ulaini. Yule mwingine auzoee mapema, raundi mbili angalau.

Kisha chukua kadi ya kiwanja na kalamu. Katika mpira mmoja, mtu mmoja huanzisha mashimo ya witiri na mwenzake ya shufwa. Tafuta mashimo ya pa 3 yako namba ngapi. Yakiwa, tuseme, la 2, la 6, la 11 na la 16, matatu ni shufwa: mpe shufwa yule anayepiga vizuri fimbo za chuma, na yule wa kupiga mbali apewe witiri. Ni kazi ya dakika tano, na nimeona manahodha wakiamua kwa kurusha shilingi.

Tabia ina uzito kuliko kiwango. Paul Azinger, nahodha wa Marekani mwaka 2008, Valhalla, Kentucky, aliwagawa watu wake 12 katika vikundi vitatu vya wanne kwa kufuata hulka zao, wakafanya mazoezi na kucheza ndani ya vikundi hivyo, hata wakashirikishwa kuchagua wa kukamilisha timu. Woods hakuwepo, goti lilikuwa limefanyiwa upasuaji, na Marekani ikashinda 16.5-11.5. Wewe una wanane: fanya vikundi viwili. Kila mmoja awe na watatu anaoweza kucheza nao bila kushtuka ukibadilisha.

Na weka sheria moja ya uwanjani. Kwa mila zetu, mwenzako akijikwaa tu, mdomo wako umeshasema "pole". Katika mpira mmoja, marufuku "samahani", marufuku "pole", mpaka shimo la 18. Mtu akiupeleka mpira mchangani anajua. Wewe uliyebaki unatazama pigo linalofuata, basi. Pole zikizidi, mtu huanza kupiga ili asihitaji kuomba radhi, na pigo la woga halijawahi kufika grini.

Mechi za mmoja kwa mmoja zinahitaji maneno machache. Ukiwa nyuma, tanguliza wakali. Nahodha wa Marekani Ben Crenshaw alikuwa nyuma 10-6 mwaka 1999, akawaweka mbele, wakashinda mechi sita za kwanza. José María Olazábal, nahodha wa Ulaya, naye alikuwa nyuma 10-6 Medinah. Watano wake wa kwanza wote walishinda, na Ulaya ikachukua kombe 14.5-13.5. Mkiwa sawa, bado usimfiche bora wako mwishoni: mwaka 2002 Tiger Woods aliwekwa wa 12, na kombe likaamuliwa kabla hajamaliza kucheza.

Limebaki jambo moja ambalo wengi huona aibu kulipanga. Katika Ryder Cup kila nahodha huandika jina la mchezaji mmoja ndani ya bahasha kabla ya siku ya mwisho. Upande wa pili ukipata majeruhi, aliyeandikwa hukaa nje na kila timu hupata nusu pointi. Bethpage shingo ilimkatalia Viktor Hovland wa Ulaya, bahasha ya Marekani ikafunguliwa, na humo alikuwamo Harris English. Kwenye klabu zetu huwa tunakubaliana hivyohivyo na wenzetu usiku wa kuamkia mechi, maana mtu anaweza kuamka na tumbo la pweza wa barabarani. Andika jina mapema, peke yako, ukiwa umeshiba na huna hasira na mtu. Msimu wangu wa pili niliketi na bahasha nusu saa nzima nikiyapitia majina yote manane, kisha nikaandika la kwangu.