Leseni Kwanza, Kalibu Baadaye: Mbinu za Biashara ya Nakala za Vifaa vya Sinema

Una mikono ya kazi. Unachonga, unapiga msasa, unapuliza rangi, na kila anayeiona kofia ya Darth Vader wa Star Wars uliyoiweka sebuleni anauliza bei. Usimtajie bado. Fundi anayetengeneza kwa mapenzi yake na mfanyabiashara anayeuza kwa haki wanatenganishwa na karatasi moja: leseni. Ukiipata na kuitunza, una biashara ya miaka. Ukiiruka, uzuri wa kazi yako ndio utakaokuponza.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Lijue soko

Watu wa filamu huita propu kifaa chochote ambacho mwigizaji anakishika au kukitumia mbele ya kamera: upanga, fimbo ya uchawi, bastola, barua, hata kikombe. Nakala yenye leseni ni ile inayotengenezwa kwa ruhusa ya mwenye filamu, na wakusanyaji wako tayari kuilipia vizuri.

Anza kwa kuwasoma waliotangulia. The Noble Collection wanauza fimbo za Harry Potter. Master Replicas walijijengea jina miaka ya 2000 kwa panga za mwanga za Star Wars. Wētā Workshop ya Wellington, New Zealand, iliyotengeneza silaha na deraya za The Lord of the Rings, nayo inauza nakala kwa wakusanyaji. Pitia bidhaa zao moja moja. Andika bei, idadi iliyotolewa, malighafi na maelezo ya sanduku. Hao ndio utakaolinganishwa nao.

Usitegemee huruma ya sheria

Mark Towle wa Marekani alikuwa akitengeneza na kuuza nakala za gari la Batman, lile la tamthilia ya 1966 na lile la filamu ya 1989. DC Comics wakamshitaki. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba gari lile ni mhusika anayelindwa na hakimiliki, kama alivyo Batman mwenyewe. Wakati huohuo, karakana ya Fiberglass Freaks ya jimbo la Indiana inaunda gari lilelile la 1966 kwa leseni ya DC Comics.

Sheria pia hubadilika ukivuka mpaka. Andrew Ainsworth alishiriki kutengeneza kofia za Stormtrooper za filamu ya kwanza ya Star Wars, na baadaye akawa anauza nakala zake. Lucasfilm walishinda kesi Marekani na kupewa fidia ya dola milioni 20. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikasema kofia ile si sanamu ya sanaa, kwa hiyo hakimiliki ya Uingereza haiilindi kwa namna hiyo. Lakini ikaongeza kwamba anaweza kushitakiwa hukohuko Uingereza kwa kukiuka hakimiliki ya Marekani. Kwa hiyo usiulize sheria ya karakana yako ilipo tu. Uliza na ya mteja wako aliko.

Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Berne, kwa hiyo kazi za nje zinalindwa hata hapa kwetu. Kabla ya kutumia hela, muone wakili anayeshughulika na hakimiliki na alama za biashara.

Mtafute mwenye mali

Itazame filamu hadi mstari wa mwisho wa majina. Mwenye hakimiliki ametajwa pale. Kisha fuatilia nani anammiliki leo: Lucasfilm, kwa mfano, iko chini ya Disney tangu 2012. Studio kubwa zina idara maalumu ya leseni za bidhaa, na hiyo ndiyo ya kuandikia.

Uliza mapema kama nafasi unayoitaka iko wazi. Leseni hutolewa kwa aina ya bidhaa. Huenda vitu vya kuchezea vimeshachukuliwa na kampuni kubwa, lakini nakala za ukubwa halisi, za bei ya juu na za idadi maalumu zikawa bado hazina mtu. Omba kitu kimoja chembamba na kilicho wazi.

Ukiweza kusafiri, watoa leseni na wanaozitafuta hukutana kila mwaka kwenye Licensing Expo, Las Vegas, na Brand Licensing Europe, London. Weka miadi kabla ya kupanda ndege.

Anzia kwa mtu unayeweza kumpigia simu

Studio kubwa huuliza umewahi kufanya nini. Pata jibu karibu na nyumbani. Supa Modo ya Kenya ya mwaka 2018 inamhusu binti mgonjwa anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Vuta N'kuvute ya Tanzania ya 2021 inarudisha Zanzibar ya miaka ya 1950. Filamu za namna hii zina mavazi na vifaa ambavyo watazamaji wanavikumbuka, na watayarishaji wake unaweza kuwafikia.

Pendekeza toleo dogo, labda vipande 50. Andikianeni mkataba hata kama mnafahamiana. Lipa mrabaha, yaani asilimia ya mauzo anayolipwa mwenye filamu, kwa wakati na utunze kila stakabadhi. Faili hilo ndilo utakaloliweka mezani kwa studio inayofuata.

Andika ombi fupi

Kurasa mbili au tatu zinatosha. Eleza unataka kutengeneza nini, vipande vingapi, kwa bei gani, utauza nchi zipi na kwa njia ipi. Onyesha uwezo wa karakana na mtaji ulionao. Weka picha za kazi zako bora.

Kwenye picha hizo tumia vitu ulivyobuni mwenyewe. Usimpelekee mwenye filamu sampuli ya mali yake uliyoitengeneza bila ruhusa. Utakuwa umemwonyesha ustadi na kosa kwa pamoja.

Piga hesabu kabla ya kusaini

Mrabaha mara nyingi hukatwa kwenye bei ya jumla. Juu ya hapo studio hutaka kiwango cha chini ambacho utalipa hata usipouza, na sehemu yake hulipwa siku ya kusaini.

Chukua mfano. Unawauzia wenye maduka kwa dola 200 kwa kipande. Mrabaha ni asilimia 12, yaani dola 24. Kiwango cha chini ni dola 20,000. Gawanya: unahitaji kuuza vipande 834 ndipo ukifikie. Ukitengeneza 500 tu, mrabaha wa mauzo ni dola 12,000, na 8,000 zinazobaki zinatoka mfukoni mwako. Kila kipande kimekugharimu dola 40 za mrabaha, siyo 24. Kama faida yako haiwezi kubeba hizo 40, punguza kiwango cha chini au uongeze idadi. Jadili sasa, maana ukishasaini mlango umefungwa.

Soma pia vifungu hivi kwa kalamu mkononi: nchi unazoruhusiwa kuuza, muda wa leseni, muda wa kumalizia mzigo leseni ikiisha, haki ya studio kukagua vitabu vyako, na bima ya madhara ya bidhaa. Ukitaka kutumia sura ya mwigizaji kwenye sanduku, uliza kama imo. Mara nyingi hiyo ni ruhusa nyingine.

Kichunguze kifaa chenyewe

Omba picha, michoro na vipimo kutoka kwa mwenye filamu. Ukiruhusiwa kukiona kifaa halisi, nenda na kalipa, kadi ya rangi na taa nzuri. Pima kila upande, hata ule usioonekana kwenye filamu.

Tafuta asili ya vipande vyake. Mpini wa upanga wa mwanga wa Luke Skywalker katika Star Wars ulikuwa mpini wa flashi ya kamera ya Graflex. Mpambaji wa seti, Roger Christian, aliupata kwenye duka la vifaa vya kamera London, akabandika vipande vya mpira vya kushikia na kipande cha kikokotoo kwenye kibano. Mpini wa upanga wa Obi-Wan katika filamu hiyohiyo una kipande cha injini ya ndege ya Rolls-Royce, guruneti la bunduki la Waingereza na mkono wa bomba la maji. Ukijua kitu kilikuwa nini, utajua unene wake, uzito wake na jinsi chuma chake kinavyochakaa.

Chagua toleo moja. Filamu moja huwa na vifaa kadhaa vya aina ileile: kizuri cha kupigwa picha kwa karibu, na cha mpira cha kupigania na kuangukia. Mwambie mnunuzi waziwazi umeiga kipi na kutoka tukio lipi.

Tengeneza kwa nidhamu

Tengeneza nakala mama moja, uihifadhi. Kalibu zote zitoke kwake. Usichukue kalibu kwenye kipande kilichokwisha kumwagwa, kwa sababu kila kizazi hupungua ukubwa kidogo na kupoteza mistari midogo.

Kagua udongo wako wa kufinyangia nakala mama. Ukiwa na salfa, silikoni ya platinamu ya kutengenezea kalibu haitakauka pale inapogusana nao, na utabaki na utelezi. Jaribu kwenye kipande kidogo kwanza.

Unataka sura ya chuma bila gharama ya chuma? Paka unga wa alumini ndani ya kalibu kwa brashi kavu. Changanya unga mwingine kwenye rezini, kisha mwaga polepole kutoka upande mmoja ili hewa itoke. Kipande kitatoka na rangi ya kijivu iliyofifia. Kisugue kwa stilwaya laini hadi kingo zianze kung'aa. Paka rangi nyeusi nyepesi, ifute upesi kwa kitambaa, na uiache ibaki kwenye mifereji midogo. Hapo ndipo kifaa kinapopata umri.

Andika juu ya kila kalibu imetoa vipande vingapi. Silikoni huchoka na kingo hupoteza ukali. Ibadilishe kabla mteja hajaona tofauti.

Vaa glavu na barakoa yenye vichujio vya kemikali, na fungua madirisha. Mvuke wa rezini ya poliurethani na vumbi la msasa vinaharibu mapafu. Barakoa ya kitambaa haitoshi.

Heshimu idhini

Studio itataka kuona kila hatua: mchoro, sampuli ghafi, sampuli yenye rangi, sanduku, na kipande cha kwanza cha uzalishaji. Kila hatua inaweza kurudishwa. Weka muda huo kwenye kalenda yako kabla ya kutangaza tarehe ya kuuza.

Sampuli iliyopitishwa ifungie kabatini. Kila kundi la vipande lilinganishwe nayo kwenye mwanga uleule. Chenye kasoro kivunje. Usikiuze kwa bei ya chini, hata kwa rafiki.

Linda namba

Ukisema toleo ni vipande 500, viwe 500. Kila kimoja kiwe na namba, bamba lake na cheti chenye namba hiyohiyo. Vipande vya ziada vya fundi au vya studio vitajwe tangu mwanzo. Mkusanyaji analipia uhaba, na siku namba 501 itakapoonekana sokoni, matoleo yako yote yatashuka thamani.

Uza na usafirishe kwa akili

Chukua advansi kwa wateja ukishapata idhini ya sampuli yenye rangi, siyo kabla. Iweke kwenye akaunti ya pekee. Wape wateja taarifa kila mwezi, zikiwemo za kuchelewa.

Bastola zina masharti yake. Bastola ya Han Solo wa Star Wars iliundwa juu ya Mauser C96, silaha halisi, kwa hiyo nakala yake inaweza kumtisha yeyote. Marekani huzitaka silaha nyingi za kuigiza ziwe na alama ya rangi ya chungwa mdomoni, na Uingereza inabana uuzaji wa zile zinazofanana sana na za kweli. Hapa kwetu, ulizia sheria ya silaha kabla ya kutengeneza, siyo mzigo ukiwa bandarini. Kwa mwanzo, chagua kofia, fimbo au pete.

Kifaa chenye taa kina betri, na betri za lithiamu zina kanuni zake kwenye ndege. Waulize wasafirishaji kabla hujabuni sanduku.

Lipa kabla ya kudaiwa

Ripoti ya mrabaha kwa kawaida hutakiwa kila robo ya mwaka. Iandae kila wiki: vipande vilivyouzwa, nchi, bei, vilivyorudishwa. Itume siku chache kabla ya tarehe, pamoja na malipo. Kisha, kwenye barua pepe hiyohiyo, ambatisha pendekezo la kifaa kinachofuata. Hakuna wakati mzuri wa kuomba leseni ya pili kuliko siku unapolipia ya kwanza.