Kuchagua Mfumo Endeshi Huria kwa Kompyuta za Shule

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo huzikataa mashine nyingi za zamani. Basi shule ya Mbulu au Hanang yenye kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine hukabiliwa na swali: je, mashine nzima zitupwe?

Mfumo endeshi ni programu inayosimamia kumbukumbu, diski na vifaa vyote vya kompyuta. Huitwa huria iwapo msimbo wake u wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuunakili na kuurekebisha. Ni uwazi huo uliouwezesha mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kiini kiitwacho Linux, alichokianzisha Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991, kimezaa mifumo mingi: Debian, Ubuntu (neno lenye nasaba moja na «utu» wetu), Linux Mint na mingineyo.

Mwalimu aliyezoea kompyuta kiasi, ingawa si fundi, achague upi? Hana budi kuitazama mashine kwanza, wala si sifa za mfumo. Linux Mint 22 huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2 kwa uchache, lakini 4 ndizo zifaazo. Sura yake haimshangazi aliyezoea Windows, nao utahudumiwa hadi 2029. Kwa mashine ya gigabaiti 2, mimi ningechagua Debian yenye sura nyepesi ya Xfce. Zile za biti 32 hazipokei Mint 22, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chake. Afadhali zifunguliwe ili wanafunzi waone yaliyomo.

Intaneti ya vifurushi ni gharama. Hapo Debian ina faida kubwa: faili yake ya DVD ina programu nyingi, hivyo mwalimu wa Haydom au Katesh aweza kuipakua mara moja mjini, kisha akasakinisha kompyuta zote bila mtandao.

Kabla ya kusakinisha, mfumo ujaribiwe. Huandikwa kwenye fleshi katika umbo lake la majaribio, kompyuta ikawashwa kwa fleshi hiyo, diski isiguswe. Printa, projekta na sauti vikaguliwe. Yafunguliwe pia maandalio ya masomo na mitihani ya zamani kwa LibreOffice, kwa kuwa majedwali yaliyoandikwa kwa Word huweza kuhama mahali pake. Kazi zote zinakiliwe kwingine kabla diski haijafutwa.