Baridi ya Njiani: Fundisho kwa Wanaosafiri kwa Pikipiki

Munajua vizuri kujilinda na mbu na maji machafu. Leo tunataka kusema juu ya adui ambaye watu wengi hawamuhesabu kuwa adui. Jina lake ni baridi. Watu wanasema: "Kongo ni inchi ya jua. Nani atakufa kwa baridi hapa?" Lakini tufikiri kidogo.

Baba mumoja ana mutoto mwenye homa. Ni usiku, na mvua inanyesha. Anaita motari, muke wake anapanda nyuma na mutoto mugongoni, nao wanakwenda hospitali. Wanapofika, mama anasema: "Homa imekwisha, mutoto amepoa." Muuguzi anamugusa mutoto, naye anaogopa. Mutoto hakupona. Mwili wake umepoa kupita kiasi, na ugonjwa ungali ndani yake. Wazazi walifanya vema kuja upesi, lakini hawakujua kwamba njia yenyewe ilikuwa na hatari yake.

1. Inchi ya jua ni inchi ya milima pia

Musafiri anayetoka Butembo kwenda Lubero anavuka mustari wa Ekweta. Lakini huko hakuna joto kama watu wa mbali wanavyozania. Njia inapita juu ya milima, na pengine inapita meta 2000. Kila meta 1000 unazopanda, hewa inapoa karibu digri 6. Kwa hiyo mutu anaweza kutoka jasho katika bonde la Rwindi, na baada ya kupanda Kanyabayonga na kuendelea mbele anaanza kutetemeka. Tangu mwezi wa 9 mpaka wa 12 mvua ni nyingi katika milima hiyo. Katika Katanga baridi inakuja wakati wa kiangazi, asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7.

2. Namna baridi inavyoshinda mwili

Mungu ameumba mwili wetu kukaa na joto la digri karibu 37. Ngozi inapasha moto hewa kidogo inayoizunguka, na hewa hiyo ni kama blanketi. Ukisimama, blanketi hiyo inakaa. Ukipanda pikipiki, upepo unaiondoa kila dakika. Hewa ya digri 10, ukikwenda kilometa 60 kwa saa, ngozi inaisikia kama digri 5. Na kama nguo zimelowa, ni mbaya zaidi, sababu maji yanaondoa joto upesi sana kuliko hewa kavu.

Mwili ukiona hatari, unavuta damu kutoka mikono na miguu ili moyo na ubongo vikae na joto. Hii ni hekima ya mwili, lakini vidole vinakufa ganzi. Ukikwenda kilometa 40 kwa saa, unapita meta 11 kwa kila sekunde. Vidole vyako vikichelewa sekunde moja tu kushika breki, umekwisha kupita meta 11. Labda mbuzi ao mutoto amesimama hapo.

3. Alama za kujua

Kwanza mutu anatetemeka, na vidole vinakuwa vigumu. Huu ni wakati wa kusimama. Usiseme: "Nitafika karibuni." Kisha anasema polepole kama mulevi, anaanguka-anguka, anasahau njia. Mwisho analala usingizi, na kutetemeka kunaacha. Angalia sana: mutu mwenye baridi kali akiacha kutetemeka mbele ya kupata joto, hakupona. Nguvu zake zimekwisha. Chini ya digri 35 kuna hatari ya kufa.

4. Matayarisho ya musafiri

Haihitaji feza nyingi. Vaa nguo mbili ao tatu nyembamba, moja juu ya nyingine, kuliko moja nzito, sababu hewa inayokaa katikati yake inalinda joto. Juu ya zote vaa koti la mvua ao plastiki isiyopitisha upepo. Kama huna koti zuri, weka karatasi za magazeti juu ya kifua chini ya shati. Funga shingo kwa kitambaa, lakini ingiza ncha zake ndani ya koti, zisishikwe na gurudumu. Vaa soksi na viatu vilivyofungwa, hapana sandali. Vaa kofia ngumu ya pikipiki. Inalinda kichwa na upepo, na zaidi inalinda ubongo ukianguka. Funika mikono kwa glavu ao hata kwa soksi za zamani, kama zinakuacha kushika breki vizuri. Chukua nguo moja kavu ndani ya mufuko wa plastiki.

Kula mbele ya kuondoka. Mwili bila chakula ni kama jiko bila kuni. Simama mara kwa mara, shuka, tembea, kunja na kunyosha vidole. Usipashe mikono kwenye bomba la moshi, sababu ngozi yenye ganzi haisikii moto, nayo itaungua.

5. Mutoto na mugonjwa

Mutoto mudogo anapoteza joto upesi kuliko mutu mukubwa. Mutoto aliyezaliwa mbele ya wakati wake, na mutoto mwenye kukonda sababu ya njaa, ni zaifu zaidi. Usimubebe mugongoni ambapo humuoni. Mama amuweke kifuani, ngozi juu ya ngozi, ndani ya nguo, na kofia kichwani. Avae blanketi na plastiki juu, lakini pua na kinywa cha mutoto vikae wazi. Wasimame mara kwa mara kuangalia kama anapumua vizuri. Amunyonyeshe mbele ya kuondoka, na tena wakisimama. Dereva akwende polepole, na mama akae nyuma yake, ili mugongo wa dereva uzuie upepo.

6. Ukimukuta mutu aliyeshindwa na baridi

Muingize ndani ya nyumba. Umuvulie nguo zilizolowa, umupanguse, umufunike kwa blanketi kavu pamoja na kichwa. Pasha kwanza kifua na tumbo. Mutu mwenye afya anaweza kulala karibu naye chini ya blanketi. Usisugue mikono na miguu yake. Usiweke chupa ya maji ya moto juu ya ngozi bila kitambaa. Kama ameamka na anaweza kumeza, umupe chai ya moto kidogo yenye sukari, ao uji. Kama hawezi kuamka, usimupe kitu kwa kinywa. Umulaze kwa ubavu na umupeleke hospitali kwa utaratibu, akiwa amefunikwa.

7. Makosa matatu

Kosa la kwanza ni pombe. Watu wanasema inapasha mwili moto. Ni uongo. Pombe inaleta damu karibu na ngozi, mutu anasikia joto, lakini joto hilo linatoka nje. Tena inaharibu akili na macho ya dereva.

Kosa la pili ni jiko la makala ndani ya chumba kilichofungwa. Makala inatoa sumu ya hewa isiyo na harufu wala rangi. Watu wanalala na joto, asubuhi wanakutwa wamekufa. Weka jiko inje, usilale nalo kamwe.

Kosa la tatu ni kuchanganya baridi na malaria. Malaria inaletwa na mbu, si mvua wala upepo. Lakini kutetemeka kwa malaria na kutetemeka kwa baridi kunafanana kwa macho. Usimeze dawa kwa kubahatisha tu. Muuguzi atapima joto na damu. Na kama umekwisha kukaukia na kupata joto, lakini unatetemeka tena ao unasikia homa, usikawie kuja.

8. Vazi la mutume Paulo

Soma 2 Timoteo 4, mistari ya 13 na 21. Paulo amefungwa gerezani, na anajua kwamba kifo chake kiko karibu. Lakini anamuomba Timoteo amuletee vazi lake aliloliacha Troa kwa Karpo, tena afike mbele ya siku za baridi. Paulo alikuwa mutu wa imani kubwa, lakini hakusema kwamba imani inatosha pahali pa nguo. Aliomba pia vitabu vyake. Alitunza roho na mwili pamoja. Basi Mukristo anayefunika mwili wake kabla ya safari hakosi imani. Na mwenye makoti mawili akumbuke ndugu yake motari asiye na hata moja, ambaye usiku ule wa mvua atamubeba mutoto wake kwenda hospitali.

Maulizo

1. Sababu gani mutu wa pikipiki anasikia baridi kuliko mutu anayesimama?
2. Mutu mwenye baridi kali ameacha kutetemeka. Je, amepona?
3. Mama atamubeba namna gani mutoto mudogo juu ya pikipiki?
4. Sababu gani hatulali na jiko la makala ndani ya chumba?
5. Nani katika kanisa lenu anasafiri usiku bila koti? Mutamusaidia namna gani?