Jinsi ya kuzitumia dakika 80 za dabo ya Kemia

Nafundisha Kemia sekondari hapa Bariadi, na ratiba ya shule nimeishika pia. Walimu wapya huniuliza kwa nini nang'ang'ania dabo, yaani vipindi viwili vya dakika 40 vilivyounganishwa. Huwa nawaambia: wapeleke Kidato cha Tatu maabara kwa kipindi kimoja, halafu uone mmefika wapi kengele ikilia.

Chukua titresheni. Kikundi kinaosha bureti, kinajaza asidi, kinavuta besi kwa pipeti, kinadondoshea methyl orange. Mzunguko wa kwanza ni wa kukadiria. Inafuata mitatu ya kupima kwa makini. Asiyezoea kufunga koki ataona njano imeruka hadi waridi bila kuipitia ile rangi ya chungwa, na itabidi aanze upya. Sasa gawa bureti chache kwa darasa lililofurika, kama yalivyofurika madarasa mengi tangu ada ifutwe mwaka 2016. Kipindi kimoja kinaishia kwenye kugawa vifaa.

Kwa hiyo ukipanga ratiba, anza na dabo za maabara, mengine yafuate. Usiziweke asubuhi kabisa. Mvua zikinyesha na mito ikajaa, wanaotoka mbali huingia wamechelewa, na Kemia ikiwa na vipindi vinne kwa wiki, aliyekosa dabo amekosa nusu ya wiki. Mchana nao bati limeshapata moto na wengi wana njaa. Mimi huchukua cha tatu na cha nne. Hisabati siipi dabo. Hiyo inataka mazoezi ya kila siku.

Ukishaingia darasani, usihubiri dakika 80. Toa maelekezo kwa dakika kumi, waache wafanye kazi, na zile 20 za mwisho zilinde kwa nguvu zote. Kila kikundi kiandike majibu yake ubaoni. Yakitofautiana, wabishane kwa Kiswahili, hata Kisukuma, mpaka wagundue kwamba fulani alisoma bureti akiwa amesimama, jicho likiwa juu ya usawa wa kimiminika. Hapo ndipo waandike kwa Kiingereza, maana mtihani utawauliza kwa Kiingereza na wengi wao shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili. Wakilazimishwa Kiingereza tangu mwanzo, wananyamaza, na mwalimu anadhani wameelewa.

Mkoani kwetu Simiyu tuna makambi ya kitaaluma ya kuwaandaa watahiniwa. Yanasaidia sana, ila anayeshika bureti kwa mara ya kwanza akiwa kambini ameshachelewa.

Dabo ikiangukia siku ya sherehe au kikao, mwendee mwenzako wa Historia mapema mbadilishane vipindi. Akikupa kimoja tu, kitumie kwa hesabu za moli, na titresheni isubiri wiki ijayo.