KULINGANISHA VITABU VIWILI KATIKA MTIHANI

Baadhi yenu mmemaliza kisomo na sasa mnajitayarisha kwa mtihani wa Kidato cha Nne mkiwa watahiniwa wa kujitegemea. Katika Kiswahili lipo swali linalowaangusha hata watu wanaovijua vitabu vizuri kabisa: swali la kulinganisha.

Mtu huanza kusimulia kitabu cha kwanza mpaka mwisho, halafu cha pili. Karatasi imejaa, mkono umechoka, na swali bado halijajibiwa! Ukiulizwa ng'ombe gani bora kati ya wawili, husimulii walivyozaliwa. Unatazama maziwa ya huyu na maziwa ya yule.

Tuchukue Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka 1951, na Shamba la Wanyama cha George Orwell wa Uingereza, kilichotafsiriwa na Fortunatus Kawegere. Swali liwe hili: kutojua sheria kunawadhuruje raia? Pigia mstari maneno "kutojua sheria". Mambo mengine, hata yakiwa matamu, yaache.

Sasa gawa karatasi ya rafu kwa mstari katikati. Upande mmoja andika: Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha sheria. Upande wa pili: sheria zimeandikwa ukutani, lakini nguruwe wanazibadili kisirisiri. Ile iliyokataza kulala kitandani inaongezewa neno shuka. Farasi hodari wa kazi amejifunza herufi nne tu, basi atajuaje?

Hapo mfanano umeonekana: katika vitabu vyote viwili, ujinga wa raia ni faida ya wakubwa. Tofauti nayo haiko mbali. Karama anasema waziwazi barazani, na mwisho mfalme anamwachilia. Punda wa shambani anajua kusoma sawasawa, lakini ananyamaza, na hakuna anayeokoka. Kwangu mimi hoja ya punda ndiyo nzito kuliko zote. Watahini wanapenda kuona umeipata mwenyewe.

Kila aya itaje vitabu vyote viwili. Maneno ya kuunganisha ni haya: vilevile, kwa upande mwingine, ilhali.

Zoezi: Karama anawataja wajumbe sita waliotumwa nje kwa manufaa ya nchi, wakafungwa waliporudi. Tafuta katika Shamba la Wanyama mnyama aliyeitumikia jamii yake akalipwa ubaya. Andika aya moja ya mistari minane.