Elimu kwa Wenye Matrekta: Pima Nafasi ya Pistoni Kabla ya Kufunga Injini

Trekta kuukuu linapofumuliwa injini, iwe Kimamba au Mikumi, mwenye chombo anashauriwa kushuhudia kipimo kimoja kabla ya injini kufungwa: nafasi iliyopo kati ya pistoni na silinda.

Kipimo hufanyika vyuma vikiwa safi na vimepoa. Fundi hupima kipenyo cha silinda juu, katikati na chini, kwa urefu wa injini na kwa upana wake, kwani silinda hailiki sawasawa. Kisha hupima pistoni kwa mikromita, chini ya ringi, kwa kukingamana na tundu la pini. Kipimo cha pistoni hutolewa katika kile cha silinda. Kwa mfano, silinda ya milimita 100.10 na pistoni ya milimita 99.95 huacha nafasi ya milimita 0.15. Jibu hulinganishwa na kitabu cha injini husika, kwa kuwa injini hazifanani.

Nafasi ikizidi, injini hugonga, hula oili na kutoa moshi wa buluu. Ikipungua, pistoni hutanuka kwa joto, huchubua silinda na kukwama katikati ya msimu wa kulima.

Ringi mpya haziponyi silinda iliyolika. Mwenye trekta aombe vipimo vya kila silinda kwa maandishi kabla ya kununua vipuri.