MAHARAGE MAREFU: FITO TATU ZINATOSHA



Ninyi mliotoka Burundi, Rwanda na Kivu mnayajua maharage marefu yanayotambaa juu ya miti. Kwenye kibustani kando ya nyumba yanazaa kuliko yale mafupi, kwani hutumia nafasi ya juu. Shida ni fito. Kila kaya ikienda porini kukata, tutagombana na wanavijiji, na akina mama na watoto watazidi kwenda mbali, mahali penye hatari.

Kwa hiyo tafuta fito tatu tu, za mita 2 hivi. Zichimbie kabla ya kupanda (ukichelewa utakata mizizi) na uzifunge pamoja juu. Kutoka hapo teremsha kamba hadi vigingi vifupi vilivyopigwa ardhini. Gunia la mgao lililochakaa, ukilifumua, linatoa kamba nyingi. Panda mbegu 2 chini ya kila kamba, kina cha sentimita 4.

Huna fito kabisa? Panda mahindi kwanza. Yakifika magotini, weka maharage kando yake, shina moja kwa kila hindi, mawili yanaweza kuliangusha.

Usiguse majani yenye umande, maana magonjwa husambaa kwa mikono. Maganda hayakauki kwa pamoja, hivyo chuma yaliyokauka kila baada ya siku chache. Ukimaliza mavuno, ng'oa fito uziweke ndani, mbali na mchwa, na mbali na jiko pia.